Mpelelezi wa Nairobi na Mama Mkwe wa Muganza

Mtu akikwambia amepata kitabu kitamu, usimuulize kinahusu nini. Muulize kimemgharimu kiasi gani. Changu kilinunuliwa Nairobi kwa bei isiyofika ya kilo ya nyama, kikafika hapa Muganza bure, lakini mpaka nilipokifunga kilikuwa kimeshakula sufuria nzima ya maharage, nauli ya safari ambayo sikuwa na haja nayo, usingizi wa nyumba nzima, na ile heshima ambayo mama mkwe humwekea mkwewe hadharani hata kama moyoni ana mengine.

Kililetwa na binamu ya mke wangu, ambaye anafanya kazi Nairobi na hawezi kuviona vitabu vya mitumba vimetandazwa kando ya barabara bila kuinama. Alikuja likizo na zawadi za kila mtu: kanga za mama mkwe, viatu vya watoto, na mimi, kwa kuwa ni mwalimu wa Kiswahili na inaaminika walimu hawahitaji viatu, vitabu viwili vya Kiingereza vilivyofungwa pamoja kwa mpira. Kimoja kilikuwa cha nne katika mfululizo, kingine cha kwanza. Nikaanza na cha nne kwa sababu jina lake lilikuwa na chui. Kwa hiyo nilipokuja kukishika cha kwanza nilishajua nani bado angekuwa hai mwaka unaofuata. Wapo wasomaji ambao jambo hilo lingewaudhi. Mimi niliona ni nafuu: katika hatari zote zile, angalau roho kadhaa nilikuwa na uhakika nazo.

Mpelelezi mwenyewe anaitwa Jade del Cameron. Ni Mmarekani wa New Mexico aliyekwenda kuendesha gari la wagonjwa Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na vita vilipokwisha akashuka Afrika Mashariki mwaka 1919 kutimiza ombi la kijana mmoja aliyefia vitani. Machoni pa watu amekuja kuandikia jarida habari za safari. Ukweli ni kwamba yeye anamtafuta mtu. Anapiga bunduki, anapiga picha, injini ikizima anafungua boneti mwenyewe, na baadaye anafuga duma anayeitwa Biscuit. Wenyeji wa kitabuni wanamwita Simba Jike. Ana goti lililojeruhiwa vitani ambalo huanza kuuma kifo kinapokaribia. Mtunzi wake, Suzanne Arruda, naye ni Mmarekani; amewahi kutunza wanyama katika bustani ya wanyama kisha akawa mwalimu wa sayansi, na yote mawili yanaonekana: fisi wake wananuka fisi, na mhusika wake hapiti mahali bila kufafanua kitu. Riwaya ya kwanza, Mark of the Lion, ilitoka mwaka 2006. Stalking Ivory ikafuata 2007, na ile yangu ya chui, The Leopard's Prey, ni ya 2009.

Nilichokipenda kwanza si maiti. Ni ule upole wa mwendo. Nairobi ya 1919 ilikuwa na umri wa miaka 20 tu tangu reli ilipofika na kuweka kambi pale kwenye majimaji, na mtu akiuawa huko hakuna wa kufungua simu ya marehemu na kusoma ujumbe wake. Mpelelezi lazima avae viatu, aende, abishe hodi, akaribishwe, aulize habari za watoto, ndipo aulize alichofuata. Ukiwa Muganza unaelewa sana mambo hayo. Hapa hata kutafuta fundi wa baiskeli unaanza kwa salamu za nyumba tatu.

Lakini Muganza si mahali pa kusomea riwaya. Wageni wanaoijua Rwanda ya milima na masweta huteremka huku kutoka Kamembe wakidhani dereva amewavusha mpaka kimakosa. Hili ni bonde la Bugarama, sehemu ya chini kabisa ya nchi, yenye mashamba ya mpunga, maembe, na joto ambalo halilali. Kongo iko pale ng'ambo ya Rusizi, Burundi iko hapa ng'ambo ya Ruhwa, na malori ya saruji ya CIMERWA, kiwanda kilichoanzishwa 1984, yanapita katikati. Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, wachuuzi wa soko la Bugarama walishangaa kusikia kwamba hadi siku hiyo kilikuwa si rasmi. Mchana usome wapi? Ndani ni tanuri, nje ni jua, chini ya mwembe wameshakaa wazee. Usiku ndiyo saa ya kusoma, na usiku umeme ukiondoka unasoma kwa tochi, na tochi ndani ya chandarua ni mwaliko kwa kila mdudu wa mashamba ya mpunga aliyepata tundu la kupita. Mke wangu alivumilia mwanzoni. Siku mdudu mmoja mwenye mbawa ngumu alipomtua puani, aliuliza kama Jade alikuwa na mume, na kama alikuwa naye, mume huyo alilala wapi.

Maharage yalikuwa ajali ya kawaida. Niliachiwa jiko la makaa nilitazame, nikalitazama, kisha Jade akaingia porini kumfuata mtu ambaye yeye alimwamini na mimi sikumwamini. Jirani yangu muuza sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, ndiye aliyenusa kwanza. Alipaza sauti toka upande wa pili wa ua: "Mwalimu, kuna kinachoungua, ni kwako au ni kiwandani?" Maharage yaliyoungua hayana dawa. Unaweza kumwaga ya juu kwenye sufuria nyingine bila kugusa ya chini, lakini harufu inahama nayo, na mama mkwe ni mtu wa kuonja kijiko kimoja, kukiweka chini taratibu, na kuomba chai.

Ya nauli nayo yalikuwa hivi. Nilipanda kwasta Kamembe nikiwa na kitabu mkononi, nikashuka Bugarama nikiwa na kitabu mkononi. Muganza ilipita katikati bila kunisalimu. Konda alitangaza kituo, abiria waliteremsha magunia yao, kuku aliyekuwa chini ya kiti changu alitolewa kwa makelele yake na ya mwenyewe, na mimi nilikuwa Tsavo na Jade. Kurudi nikachukua moto, yaani pikipiki ya abiria. Dereva akaniuliza kama nilikuwa nimepitiwa na usingizi. Nikamjibu hapana, nilikuwa nasoma. Akanitazama kidogo, akaongeza bei.

Shuleni ugonjwa ulipata mahali pazuri pa kukulia. Zamani mwanafunzi akichelewa nilimuuliza kwa nini, akasema mvua, tukaendelea. Sasa nikawa natazama viatu. Kijana mmoja alidai amechelewa kwa sababu alipeleka maziwa kwa shangazi yake juu mlimani. Nikamwambia viatu vyake vina tope jeusi la bondeni, soksi zake zina makapi ya mpunga, na sauti imemkauka kama sauti ya mtu aliyetoka kufukuza ndege shambani tangu alfajiri. Darasa likanyamaza. Kijana akakiri. Nilitembea siku ile kwa hatua za Simba Jike. Kesho yake darasa zima lilikuja limeosha viatu, na tangu hapo sijapata ushahidi wowote.

Mambo yalibadilika pale mke wangu alipotoa hukumu yake kuhusu maharage. "Kama kitabu kimekula chakula chetu," alisema, "na sisi tukile." Maana yake ni kwamba kila jioni baada ya kuosha vyombo nilitakiwa kuwasimulia nilichosoma, kwa Kiswahili, bila kuruka. Watoto walikaa mkekani. Jirani muuza sambaza alivuta kigoda chake. Mama mkwe alikaa mlangoni, penye hewa, na ungo wa mchele mapajani.

Namna yake ya kusikiliza ilikuwa kutokusikiliza. Anapeta ungo mara mbili, makapi yanaruka, anautuliza, kidole cha shahada kinasukuma punje upande huu, kinasimama juu ya kijiwe, kijiwe kinaokotwa kwa kucha na kutupwa uani. Hainui macho. Unadhani amesahau kama upo. Kisha, katikati ya sentensi yako nzuri kuliko zote, sauti inatoka kwenye ungo.

"Mwalimu, huyo Mzungu analala wapi?"

"Kwa rafiki zake, Mama."

"Nani anawafulia?"

Nikageuza kurasa. Kitabu kina bwana huyu na bibi yule, wakulima wa kahawa, maofisa, wawindaji. Wafuaji hawakutajwa sana.

"Watu wameuana, na shuka hazijulikani zinafuliwa na nani," akasema mama mkwe, akarudi kwenye vijiwe vyake. "Basi huyo binti atahangaika sana."

Na kweli anahangaika. Jade anapanda milima, anapigwa risasi, anakimbizwa na wanyama. Ndani ya kitabu mna mpaka fisi wanaosemekana kutumwa na mchawi, habari iliyopokewa nyumbani kwangu kwa utulivu mkubwa, maana fisi wa kutumwa wanajulikana. Goti linaloonya kifo pia lilikubalika bila mjadala. Mama mkwe analo la mvua na halijamdanganya. Kilichomkera ni upotevu wa mashahidi. Mpishi yuko jikoni, alikuwepo usiku ule, na hakuna aliyemuuliza zaidi ya maji ya moto. Mtunza farasi anajua nani alirudi saa ngapi na farasi akiwa amelowa jasho kiasi gani. Yaya anajua ugomvi wa chumbani. Kila nyumba ya setla wa zama zile ilikuwa na macho ya kutosha, na mwandishi anapita mbele yake akitafuta unyayo porini. Sura ya ngapi sikumbuki, mama mkwe akamtaja muuaji. Nilicheka kwa adabu. Nikamwambia hapana, Mama, huyo ni mtu mwema sana.

"Ndiyo," akasema. "Amezidi."

Kisha kitabu kikapotea.

Kilikuwa juu ya kabati la vyombo, kimebakiza sura mbili, kikiwa na njiti ya kiberiti mahali pa alama. Niliporudi kutoka msikitini njiti ilikuwepo juu ya kabati, kitabu hakipo. Mtu aliyebakiza sura mbili za riwaya ya upelelezi, ambaye kitabu chake kimeibwa, ana wajibu. Washukiwa walikuwepo. Mwanangu mkubwa hutengeneza ndege za karatasi, na karatasi ya riwaya ni nyepesi inaruka vizuri. Mzee jirani, mstaafu wa kiwandani, husoma chochote kilichoandikwa, hata karatasi iliyofungia sukari, na hurudisha kwa nadra. Muuza sambaza alikuwa na haja ya karatasi kila siku ya Mungu, na wazo hilo lilinitoa jasho lisilo la hali ya hewa.

Katika vitabu hivi, mwishoni mpelelezi hukusanya washukiwa wote sebuleni. Sebule yetu inaingiza watu wanne kama wanapendana, kwa hiyo niliwaita chini ya mwembe. Mtu hakatai wito. Walikuja, na waliowaona wanakuja wakaja pia, wakiwa na viti vyao. Kabla sijafungua mdomo mzee jirani aliuliza kama ni habari ya michango ya mituweli, ile bima ya afya, maana yeye alishalipa na risiti anayo. Mwingine alisikia ni harusi. Mama mmoja wa kitongoji cha juu alitaka kujua kama majina yanaandikwa sasa au baadaye. Nilipotangaza kwamba kimepotea kitabu, kikapita kimya cha heshima, kama ulivyo ustaarabu wa watu wa hapa, halafu mzee akauliza: "Cha madeni?"

Mama mkwe alikuwa barazani na ungo wake. Hakuja mwembeni. Alingoja kelele zipungue.

"Juzi joto lilikuwaje?" aliuliza, kama anayezungumza na mchele.

Wote wakakubaliana kwamba lilikuwa la kuua.

"Basi alipita mtu hapa amebeba koti mkononi. Nikasema moyoni, huyu anasafiri Kigali, atapita Nyungwe, baridi ya msitu ule anaijua. Lakini hana begi. Aliingia koti likiwa limening'inia mkononi, akatoka amelikumbatia kifuani." Akaokota kijiwe. "Alisema amefuata nini?"

Mke wangu akajibu kwamba alikuja kuazima pampu ya baiskeli.

"Aliichukua?"

Sote tukageuka. Pampu ilikuwa inaning'inia kwenye msumari wake kando ya dirisha, ina vumbi lake lote.

Mwenye koti alikuwa mwalimu mwenzangu wa historia, ambaye ninamheshimu na ambaye jina lake nitamhifadhia. Tulimkuta kwake amekaa kwenye kizingiti, kitabu wazi gotini, kalamu nyekundu mkononi. Hakushtuka hata kidogo. "Sikukiiba," alisema. "Nilikuwa nakikamilisha."

Ukurasa kwa ukurasa, pembezoni kote, alikuwa ameijaza riwaya ile mambo ambayo kwa maoni yake mtunzi angepaswa kuyaweka. Na mtu alipotajwa kwa mara ya kwanza, mapema kabisa, mtu mpole wa kuleta chai, palikuwa na mshale mwekundu na neno moja kwa herufi kubwa: NDIYE. Alikuwa ameanza na sura ya mwisho. Nilipomuuliza ni mtu wa namna gani anayeanza riwaya ya upelelezi mwishoni, alijibu kwa upole: "Sisi wa historia mwisho tunaujua siku zote. Tunachotafuta ni sababu."

Mama mkwe alitaka kusomewa jina lililoelekezewa mshale. Nikamsomea. Hakusema nilikuambia. Aliuliza tu kama sasa tungeweza kurudi, kuna mchele motoni na mwalimu ana historia na sufuria.

Kwa kuwa muuaji nilishampata kwa mshale, nilimalizia sura zile mbili nikisoma zaidi wino mwekundu. Na hapa lazima niseme kweli: ulikuwa mtamu karibu sawa na riwaya. Mwenzangu aliandika kwamba vita vya Afrika Mashariki havikuisha pamoja na vya Ulaya. Jenerali wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, alisalimu amri Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya bunduki za Ufaransa kunyamaza. Aliandika kwamba Jade aliyewabeba majeruhi kwa gari aliingia katika nchi ambako mizigo ya vita ilibebwa kwa vichwa: Waingereza peke yao walitumia wapagazi wanaokaribia milioni moja, na waliokufa ni makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Kando ya ukurasa wenye karamu alikuwa ameuliza, kwa mwandiko mdogo wenye hasira, wajane wao wako upande gani wa mji.

Kisha akafika kwetu. Mwaka 1916 askari wa Wabelgiji waliuvuka mto huu huu wa Rusizi kuwafukuza Wajerumani, wakaichukua Kigali mwezi Mei, na kufikia Septemba walikuwa Tabora. Tarehe 30 Mei 1919, yaani mwaka uleule ambao Jade anapekuapekua Nairobi, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Milner, na mjumbe wa Ubelgiji, Orts, walikubaliana Rwanda na Burundi ziende kwa Ubelgiji. "Wizi mkubwa kuliko wote wa mwaka huo," aliandika mwenzangu, "na hakuna mpelelezi aliyeitwa."

Lakini lililonikalisha chini ni moja aliloliandika karibu na mwisho. Miaka ile ya 1919 na 1920 serikali ya kikoloni ya Kenya ilianza kuwalazimisha wanaume Waafrika, kuanzia umri wa miaka 16, kubeba kipande, kile cheti cha kuvaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma, chenye jina la mtu, waajiri wake, na alama za vidole vyake. Sasa fikiri kama mpelelezi. Mjini Nairobi amekufa mtu, na juu ya glasi pana alama ya kidole. Serikali ina vidole vya mpishi, vya mtunza farasi, vya mfagiaji; vya wageni waliokaa mezani haina. Utamkamata nani? Riwaya nzima imelala pale kwenye mstari mmoja wa wino mwekundu, na haijaandikwa.

Simlaumu Bi Arruda. Anaandika anachokijua, anakiandika kwa kasi na kwa furaha, na Jade wake angalau hutazama anakopita, tofauti na masetla wengi wanaomzunguka. Nikipata vile vingine vya mfululizo nitavisoma, hata kama vitakuja vinyumenyume. Wala si yeye peke yake katika biashara hii. Elizabeth Peters, jina la kalamu la Barbara Mertz aliyekuwa na shahada ya uzamivu katika elimu ya Misri ya kale, alianza mwaka 1975 kutuletea Amelia Peabody, bibi wa Kiingereza anayefumbua mauaji kwenye makaburi ya mafarao akiwa na mwavuli wa jua wenye mpini wa chuma. Mwavuli huo ulieleweka sana nyumbani. Mama mkwe ana wake, na mbuzi wa kitongoji hiki wanaujua. Botswana nao wana Mma Ramotswe wa Alexander McCall Smith tangu 1998, ingawa yeye ni wa siku zetu, si wa kale.

Na sisi? Sisi wenye Kiswahili tulianza mapema kuliko wengi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitupa Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, uliochapishwa 1960, na kwa karibu robo karne akamtembeza na kiko chake na rafiki yake Najum mpaka Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Elvis Musiba akaja na Willy Gamba katika Kufa na Kupona, 1974. Ben Mtobwa akaja na Joram Kiango. Nimewasoma wote, wengine mpaka majalada yakatoka. Ni wanaume watupu. Joram ana Nuru, msichana mwenye akili kama ya kwake au zaidi, lakini mwenye jina juu ya jalada ni Joram, na nina hakika kuna mahali Nuru alishajua jibu akanyamaza kwa ajili ya amani.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa waandishi wa Kiswahili, mlioko Unguja, Dar es Salaam, Mombasa, Bujumbura, na Bukavu hapo juu. Tuandikieni mwanamke. Simtaki anayeruka kutoka kwenye helikopta. Mwekeni Ujiji mwaka 1919: vita vimekwisha, Wabelgiji bado wameishikilia Kigoma na hawataiachia mpaka 1921, reli imefika ziwani tangu 1914 na inashusha kila aina ya mtu, mafua makubwa yamepita yakiacha nyumba tupu, na wapagazi wanarudi mmoja mmoja au hawarudi. Mfanyeni mkunga. Mkunga anaingia kila nyumba, ya tajiri wa Kimanga na ya mvuvi, saa yoyote ya usiku, bila kuulizwa amefuata nini, na hakuna siri ya ukoo asiyoishika mkononi ikilia. Mpeni umri wa kutosha ili watu wadhani hasikilizi. Mpeni goti, kama lazima. Bunduki si lazima. Muuaji mnaweza kumficha mtakavyo, ila msimfanye mwema kupita kiasi, maana kuna mtu hapa Muganza atamjua kabla hamjafika nusu.

Kikitoka, kitumeni Kamembe kwa gari lolote la mizigo, tutakifuata wenyewe. Nusu ya bei nitalipa mimi, nusu atalipa mwalimu wa historia, na yeye atakisoma wa mwisho.